Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya hofu. Hatutazungumza juu ya kila hofu, maana siku nzima isingetosha, bali juu ya hofu ya mnyama mkali. Swali letu ni moja tu: Je, yule tunayemwogopa ndiye atuuaye?

Haya, tufike Gikomba saa kumi na moja alfajiri. Marobota ya mitumba yanafunguliwa kwa mwanga wa taa. Samaki wanashushwa. Mikokoteni inasukumwa kwa kelele za “Pisha, pisha!” na mama wa chai amekwisha kuwasha jiko. Kati ya miguu ya watu hao wote wanapita mbwa wawili, watatu, wanne. Wengine wana wenyewe, wengine hakuna ajuaye ni wa nani. Wanatafuta vichwa vya samaki na mabaki ya nyama, kisha wanateremka kuelekea Mto Nairobi. Mtu mmoja anamfukuza mbwa kwa mguu, mwingine anamtupia mfupa. Hakuna aliyeshtuka.

Sasa tukumbuke mwezi wa Februari 2016. Habari zilienea kwamba simba wametoka katika Mbuga ya Nairobi na wanatembea mjini. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1946, nayo iko karibu sana na mji. Upande wa kusini haina ua, ili wanyama wapate kwenda na kurudi. Basi habari ile ilikimbia kutoka simu hadi simu kuliko hao simba wenyewe. Gikomba iko mbali na mbuga, na Eneo la Viwanda liko katikati, walakini hata wakaao mbali walifunga milango mapema. Mwezi wa Machi simba mmoja alimjeruhi mtu karibu na barabara ya Mombasa. Mwisho wa mwezi huo huo simba mwingine, aliyejulikana kwa jina la Mohawk, alipigwa risasi akafa huko Isinya, katika Kajiado, baada ya kumjeruhi mtu. Katika visa hivyo viwili watu walijeruhiwa, wala hakuna aliyekufa.

Hatusemi kwamba simba ni paka. La hasha! Mwezi wa Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba katika makazi yaliyo kando ya mbuga hiyo, na mzazi aliyempoteza mtoto hawezi kufarijiwa kwa hesabu. Mwenye kukaa mpakani mwa mbuga ana haki ya kuogopa, na ana haki ya kulindwa. Twauliza tu juu yetu sisi wengine, tunaotetemeka kwa habari za simba wa mbali, kisha asubuhi twapita kati ya mbwa bila kufikiri lolote.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Turudi nyuma hadi mwaka 1898, wakati reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Huko Tsavo, kutoka mwezi wa Machi hadi Desemba, simba wawili wasio na manyoya ya shingoni waliingia usiku katika mahema ya wafanyakazi wakawavuta watu nje. Hofu ilikuwa kubwa hata wafanyakazi wengi wakakimbia, na kazi ya daraja ikasimama kwa muda wa kama majuma matatu. Mhandisi wa daraja, Patterson, aliwapiga simba hao risasi mwezi wa Desemba, mmoja tarehe 9 na wa pili tarehe 29. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya habari hiyo, na mwaka 1924 ngozi za simba hao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani. Hata leo watu hupanga foleni kuwatazama.

Je, waliua watu wangapi? Patterson alihesabu Wahindi 28, akaongeza kuwa Waafrika waliouawa hawakuandikwa. Baadaye idadi ya 135 ilitajwa. Mwaka 2009 wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria kwamba waliliwa watu kama 35. Idadi hiyo ni kubwa ya kutosha kuhuzunisha.

Lakini sikilizeni hesabu ya pili. Wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli hiyo walikuwa 31,983. Waliokufa walikuwa 2,493. Toeni wale 28 wa simba, wanabaki zaidi ya 2,400. Hao waliuawa na nini? Wengi waliuawa na magonjwa, kama malaria na kuhara, na wengine na ajali za kazi. Waliumwa na mbu, au walikunywa maji machafu, wakalala hemani wasiamke. Hakuna aliyepiga risasi kwa ajili yao. Hakuna jumba la makumbusho lililomweka mbu katika sanduku la kioo ili watu wapange foleni. Simba wana majina yao. Hao 2,400 na zaidi hawana hata hadithi.

Wazee wetu walijua jambo hili wakalifunga katika maneno manne: Kikulacho ki nguoni mwako. Twadhani mithali hii yapaswa kuandikwa kwenye lango la Gikomba, soko la nguo, maana huko watu hujua kuikung'uta nguo kabla ya kuivaa.

Sasa tutoke kwa simba tumwendee mnyama ambaye jina lake limetumika kuwatisha watu wa mataifa mengi kuliko mwingine yeyote. Ni mbwa mwitu. Wengi wetu tulilijua jina hili kwanza katika Biblia. Humo mbwa mwitu huja kuwatawanya kondoo, na walimu wa uongo hufananishwa naye. Mnyama anayesemwa humo ni yule wa Palestina na Ulaya, mwenye manyoya mazito, aliaye usiku. Hakuwa na jina la Kiswahili, na katika Biblia iliyochapwa mwaka 1952 akapewa jina la mbwa mwitu. Walakini huku kwetu jina hilo lina mwenyewe: mnyama mwembamba mwenye madoa meusi, meupe na ya manjano, na masikio ya mviringo, aendaye kwa makundi. Hivyo yule wa kwetu akabebeshwa mashtaka ya yule wa ng'ambo, ingawa ni wanyama wawili tofauti.

Tuanze na yule wa ng'ambo. Huko Ulaya aliogopwa kwa karne nyingi. Alitegewa mitego, akapewa sumu, na aliyemwua alilipwa fedha, hata katika nchi kama Uingereza akaisha kabisa. Siku hizi amerudi katika nchi nyingi, na hofu imerudi pamoja naye. Watafiti wa Norway walikusanya habari za miaka 2002 hadi 2020 kutoka sehemu nyingi za dunia. Walipata watu 489 walioshambuliwa na mbwa mwitu wa aina hiyo, na waliokufa walikuwa 26. Katika Ulaya yote na Amerika Kaskazini, wanakoishi maelfu kwa maelfu ya wanyama hao, waliokufa walikuwa 2 tu. Ni kweli kwamba huko India, mahali ambapo watu ni wengi na mawindo ni machache, watoto wamewahi kuuawa naye. Walakini angalieni jambo moja: katika wale 489, watu 380 waliumwa na mbwa mwitu mwenye ugonjwa. Ugonjwa gani? Ni kichaa cha mbwa.

Naam, hapo ndipo tulipotaka kufika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya hofu ya mbwa mwitu wa Ulaya ilikuwa hofu ya kichaa cha mbwa. Mnyama mzima wa afya humkimbia mtu. Aliyeshikwa na kichaa hukimbilia kijijini mchana kweupe na kumwuma kila amkutaye. Mwezi wa Julai 1885, huko Paris, mtaalamu Louis Pasteur alimdunga mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye mtoto akapona. Mwaka uliofuata wakulima 19 kutoka Smolensk, Urusi, walisafiri hadi Paris. Walikuwa wameraruliwa na mbwa mwitu mwenye kichaa, na walikuwa wamechelewa siku nyingi njiani. Kati yao 3 walikufa na 16 walirudi kwao wakiwa hai. Kabla ya dawa ile, watu kama hao walikuwa wakingojea kifo tu.

Na mbwa mwitu wetu wa madoa, je? Wakati wa ukoloni alihesabiwa mnyama mharibifu, akapigwa risasi po pote alipoonekana, hata ndani ya hifadhi. Alichukiwa kwa sababu ya namna yake ya kuwinda, maana humfukuza mnyama mpaka achoke, kisha humrarua. Ni kweli kwamba aweza kuua mbuzi na kondoo, na mfugaji aijua hasara hiyo. Lakini hakuna habari iliyothibitishwa ya mtu aliyeuawa naye porini. Aliitwa mwuaji, wala damu ya mtu haikuonekana mkononi mwake.

Tazameni sasa jinsi mambo yalivyopinduka. Mwaka 1989 na 1990 kichaa cha mbwa kilithibitishwa kati ya mbwa mwitu wa Maasai Mara na Serengeti. Kufikia mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti huko yalikuwa yametoweka, na ugonjwa huo umehesabiwa kuwa sababu moja kubwa. Mwaka 2017 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliyaangamiza karibu makundi yote ya Laikipia. Magonjwa ya namna hii hukaa kati ya mbwa wa nyumbani, walio wengi, nao huyapeleka porini. Kwa hiyo si mbwa mwitu aliyeleta mauti nyumbani kwetu, bali mbwa wetu walipeleka mauti nyumbani kwake.

Tena, mwaka 2015 wataalamu waliochunguza damu ya wanyama, wakiwamo wa Kenya, waligundua kwamba mmoja wa wale tuliozoea kuwaita bweha, yule wa rangi ya dhahabu, ni ndugu wa karibu wa mbwa mwitu wa Ulaya kuliko bweha wa Asia. Haya basi! Yule wa kuogofya ambaye mataifa yalimwogopa, nduguye amekuwa akipita kando ya boma zetu miaka yote, akila panya na mizoga, nasi tukimfukuza kwa jiwe moja.

Basi mwuaji yuko wapi? Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Zimepita zaidi ya miaka 100, nacho hakijaondoka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika. Kati ya watu 100 wanaoupata, 99 huupata kwa mbwa. Na kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mlinganishe hesabu hiyo na wale 26 wa mbwa mwitu kwa miaka 19.

Yafaa tujue jinsi ugonjwa unavyofanya kazi. Umo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia penye jeraha, au penye mkwaruzo uliolambwa, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja, yaweza kuwa mwaka. Wakati huo wote mtu hasikii kitu. Kidonda kimepona, amerudi kwenye kibanda chake, ameuza nguo, amecheka na wenzake. Ugonjwa ukifika ubongoni ndipo huja homa, wasiwasi, na koo kukaza hata mgonjwa akaogopa maji. Hapo karibu hakuna apataye kupona. Lakini kabla ya hapo, katika siku zile za ukimya, dawa ipo nayo inaokoa. Huu ni ugonjwa ambao mlango wake hubaki wazi kwa muda, kisha hufungwa kabisa.

Kwa hiyo, mama uuzaye nguo Gikomba, ukiletewa habari kwamba mtoto ameumwa na mbwa alipokuwa akicheza nyuma ya vibanda, usiseme, “Ni kidonda kidogo, mbwa huyu twamjua.” Usimpake mafuta ya taa, wala majani, wala pilipili. Chukua sabuni na maji mengi, ukakioshe kidonda kwa dakika 15 nzima. Dakika 15 ni nyingi mtoto anapolia. Ziangalie kwenye saa. Kisha mpeleke hospitali siku ile ile, si baada ya siku ya soko. Chanjo hudungwa zaidi ya mara moja, nazo sindano zote zapasa kumalizika. Yawezekana katika zahanati ya kwanza ukaambiwa dawa imekwisha. Twajua jambo hilo hutokea, na gharama huumiza. Usirudi nyumbani, nenda ya pili, nenda ya tatu. Waombe jirani wakuchangie kama wanavyochanga kwa ajili ya mazishi, kwa maana mchango wa sindano ni mdogo kuliko mchango wa jeneza.

Na ninyi wazee wa soko, kuna jambo lenu pia. Mara watu wakisikia habari kama hizi, husema, “Basi tuwaue mbwa wote.” Hiyo ni hofu ile ile iliyomwua mbwa mwitu. Imejaribiwa mahali pengi haikufaa, maana mbwa wakiuawa leo, wengine huja kesho kula mabaki yale yale, nao hawajachanjwa. Kinachofaa ni chanjo. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tusidhani ni ndoto. Ndugu zetu wa Pemba walifanya hivyo. Ugonjwa ulikoma kisiwani mwaka 2014. Ukaingizwa tena mwaka 2016 kutoka nje. Wakaongeza bidii ya kuchanja, na mwaka 2018 ukaisha tena. Serikali yetu ya Kenya nayo iliweka mpango mwaka 2014, ikikusudia kwamba kufikia mwaka 2030 mtu asife tena kwa kichaa cha mbwa. Mpango ulioandikwa kwenye karatasi haumchanji mbwa. Siku watu wa mifugo wanapokuja mtaani kutoa chanjo, kazi yetu ni kuwapeleka mbwa wetu, na kumshika hata yule asiye na mwenyewe anayelala chini ya meza yetu. Tena takataka za samaki na nyama zikizolewa kila jioni, mbwa wa kutangatanga watapungua bila kupigwa.

Wapenzi wasikilizaji, hofu si kitu kibaya. Tumepewa hofu ituamshe, kama askari wa usiku anayelinda vibanda vya Gikomba. Walakini askari akikaa usiku kucha akiutazama mlango wa mbele kwa sababu alisikia hadithi ya jambazi wa mbali, na mlango wa nyuma u wazi, mwenye kibanda atakuta nini asubuhi? Wale watu wa Tsavo walikesha wakimsikiliza simba, na mbu akawaingilia hemani. Watu wa Ulaya walimwinda mbwa mwitu mpaka akaisha katika nchi kadha, na kichaa kilibaki kwa mbwa waliolala mlangoni mwao. Sisi nasi tusije tukafunga milango kwa ajili ya simba wa mbugani, kisha tukamwacha mtoto aliyeumwa akalala na kidonda kisichooshwa.

Kesho alfajiri, mtakapopita kati ya marobota na kuwaona wale mbwa wakinusanusa, msiwapige wala msiwakimbie. Waangalieni tu mkajiulize: Je, hawa wamechanjwa? Na kama hakuna ajuaye, semeni na jirani yenu wa kibanda, naye aseme na wake, mpaka neno lifike kwa wale wapaswao kulisikia.